Swali Nililomuuliza Mama Nabintu

Ipo Jumamosi moja ya Kwaresima, mwanangu, ambayo nimeibeba mpaka leo, na leo nataka unisaidie kuibeba kidogo. Nimesikia kwamba Padri amekupa kundi lako la kwanza la wakatekumeni, pamoja na ile karatasi ya maswali ya kuwapima kabla ya ubatizo. Nilikuona ukiikunja na kuitia kwenye begi lako la chuo huku ukitabasamu. Tabasamu lile nalijua, maana niliwahi kuwa nalo. Ndiyo sababu nimekuita uketi hapa, na tafadhali usinijibu "sharp" kabla sijamaliza, kwa kuwa ninyi mliozaliwa hapa Joburg mkishasema "sharp", ile sawa yenu, mmekwisha kusimama.

Unaniita mzee nami sikatai. Huku ugenini ukivuka arobaini, ukaota mvi tatu, ukakabidhiwa ufunguo wa ukumbi wa kanisa, uzee umekupata. Lakini mwaka 2017 nilikuwa bado kijana, na ujana wangu ulikuwa wa mtu aliyesoma nusu, ambao ni mbaya kuliko wa asiyesoma kabisa.

Seminari kule Bukavu niliiacha katika mwaka wa tatu wa falsafa. Baba alifariki, mimi ndiye mtoto wa kwanza, na wadogo zangu watano wakawa wananitazama mimi. Nikafunga sanduku, nikaenda kutafuta maisha, na njia ikanifikisha hapa. Nikawa gadi kwenye jengo moja la ofisi kule Marshalltown. Koti la sare lilinizidi mabega. Kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya kaunta na kuwaambia watu waandike majina yao kwenye kitabu cha wageni. Chini ya kitabu hicho nilificha daftari langu la seminari, na nafasi ikipatikana nililifungua na kusoma.

Daftari lile lilikuwa la somo nililolipenda kuliko yote, falsafa ya Wakristo wa karne za kati. Tulifundishwa na padri mmoja mzee, mpole, ambaye alikuwa akiongea kana kwamba wale watawa wa kale walikuwa majirani zake na jana tu alikunywa nao chai. Alitueleza jinsi walivyokaa vyumbani mwao huko Ulaya, mamia ya miaka iliyopita, wakijiuliza swali ambalo ukilisikia kwa haraka utacheka: mimi ninayejua, ninajuaje? Wapo waliosema kwamba roho haiwezi kutilia shaka kuwapo kwake, kwa sababu hata ile shaka ni yake mwenyewe. Wapo waliosema kwamba kila kinachoingia akilini mwa mtu huingia kwa jinsi mtu huyo alivyo, kama maziwa yanavyokaa kwa umbo la kibuyu yanamomiminwa. Na walibishana sana kama Mungu anajulikana kwa hoja au kwa upendo, na kama anayependa anajua kitu ambacho mwenye hoja hajakifikia. Niliandika yote kwa kalamu ya bluu, vichwa vya habari kwa nyekundu.

Nilikuwa na hamu, mwanangu. Usidhani ilikuwa hamu ya kuwa padri tu. Nilitamani kurudi kuwa yule kijana aliyekuwa akipiga magoti asubuhi, ukungu wa ziwa ukiwa bado dirishani, akahisi kwamba upande wa pili yupo anayemsikiliza. Kuna jambo ambalo sikumwambia mtu yeyote: tangu nivuke mpaka nilikuwa sisali. Midomo niliitembeza, ishara ya msalaba nilifanya, lakini ndani palikuwa kama simu isiyo na mtandao. Nikawa nasoma lile daftari nikitumaini kwamba nikielewa vizuri zaidi jinsi roho inavyomjua Mungu, yangu itamkumbuka.

Hapo ndipo Papa Kasongo aliponiita niwe katekista. Papa Kasongo alikuwa fundi cherehani kule Malvern, mzee wa Lubumbashi, mfupi, mkubwa wetu sisi wakatekista wote wa Kiswahili. Ndiye pia aliyekuwa akishona magauni na kanzu nyeupe za wabatizwa, kila mtu kwa kipimo chake, bila kumwambia yeyote kwa nini anafanya hivyo. Alisikia nimesoma seminari, akanipa kundi la Jumamosi katika ukumbi wa kanisa, hapa hapa mtaani Observatory. Nikalipokea kama mwenye kiu anavyopokea maji. Siku tano nilikuwa gadi ambaye wenye ofisi humpita bila kumtazama usoni. Jumamosi nilikuwa Mwalimu.

Katika kundi hilo alikuwamo Mama Nabintu. Alikuwa na miaka kama hamsini na mitano na alikuwa akisuka nywele kwenye saluni moja Jules Street. Alikuwa akija darasani moja kwa moja kutoka kazini, ananukia mafuta ya nywele, vipande vya rasta vimemng'ang'ania kwenye blauzi. Kusoma hakujua. Wakati wengine wakiandika, yeye aliweka mikono mapajani na kunitazama kwa utulivu ambao, nikuambie ukweli, ulinikera.

Habari zake tulizijua wote, maana alizieleza siku ya kwanza. Alitoka Bukavu na mume wake, mumewe akaugua njiani, wakamzika Lusaka. Mume alikuwa mbatizwa, yeye hakuwa. Kabla hajakata roho alimwambia, "Siku utabatizwa, kamata jina ya Agnes." Ndilo jina alilokuja kulichukua kwetu. Sasa mama yake mzazi kule nyumbani alikuwa ameanza kusahau watu, mmoja baada ya mwingine, na Mama Nabintu alitaka kumfikia kabla na yeye mwenyewe hajasahauliwa. Tiketi ya basi aliipanga wiki ya baada ya Pasaka. Alisema anataka arudi ameshalipata jina lake, ili akipita Lusaka asimame kwenye kaburi la mumewe na kumwambia kwamba amelichukua.

Sasa nisikilize vizuri, maana desturi yetu ile wewe hukuikuta ilivyokuwa wakati huo. Wiki chache kabla ya Pasaka kila mkatekumeni aliingia peke yake kwa katekista na kuulizwa maswali. Akipita, jina lake liliandikwa kwenye orodha pamoja na jina la ubatizo, na Jumapili orodha ilisomwa mbele ya watu. Asiyepita alisubiri mwaka mwingine. Padri alikuwa akitegemea kalamu ya katekista, naye hakuwa akiuliza tena.

Mama Nabintu aliingia, akaketi, akaweka mkoba wake miguuni. Nikamuuliza swali la kwanza: Mungu ni nani? Jibu tulikuwa tumelikariri wiki ishirini, kwamba Mungu ni Roho, hana mwanzo wala mwisho, ndiye Muumba wa vyote. Hata watoto waliliimba.

"Mwalimu," akasema kwa Kiswahili chake cha Bukavu, "Mungu njo ule ananijua," yaani ndiye yule anayenijua.

"Mama, sikuuliza anamjua nani. Nimeuliza yeye ni nani."

"Njo ivyo. Mimi sina ingine."

Ningeweza kumkumbusha neno la kwanza la jibu, na pengine angeendelea. Wengine niliwakumbusha. Badala yake nikaegemea kiti nikamuuliza, kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Na umejuaje kwamba anakujua?"

Akafikiri. Kisha akasema, "Wakati tulishamaliza kuzika papa ya batoto, nilifika kwa mupaka peke yangu. Mutu wa serikali akaniuliza jina. Mwalimu, jina ikakosekana. Nilifungua kinywa, hakuna kitu. Batu banapiga kelele nyuma yangu. Nikakaa chini, pale kwa mulango. Na pale chini nikajua kama kuna mwenye anaijua ile jina. Hakuna sauti. Nilijua tu kama niko najulikana. Nikasimama, jina ikarudi."

Mwanangu, nilihisi kitu kifuani kama mtu amenishika shati. Kila nilichokiandika kwa kalamu nyekundu katika lile daftari kilikuwa kimeketi mbele yangu na vipande vya rasta kwenye blauzi. Nami nikasema, "Hiyo ni hisia, Mama. Hisia si maarifa. Naona bado hujawa tayari. Itakuwa mwaka kesho."

"Mwaka kesho sitakuwa huku."

"Hata Bukavu wanabatiza."

"Ni kweli," akasema. Akainua mkoba wake. Hakulia, na wala hakunibembeleza. Alipofika mlangoni akageuka: "Ile jina, Mwalimu, naweza kuiweka?"

Nikamjibu kwamba jina la ubatizo hutolewa na ubatizo. Nilijibu sawasawa kabisa, bila kukosea hata neno moja. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake, nami nikamwita anayefuata.

Jumapili orodha ikasomwa, naye alikuwa ameketi benchi la nyuma na kitambaa cha buluu kichwani. Hakutoka mpaka misa ikaisha. Jumapili zilizofuata sikumwona tena, wala sikumuulizia.

Jumamosi ya kabla ya Matawi nilifundisha vizuri kuliko siku zote. Nilikwenda na daftari. Niliwaambia jinsi walimu wakubwa wa karne zile, watu waliojaza makabati kwa vitabu vyao, walivyokiri mbele ya wanafunzi kwamba kikongwe asiyejua kusoma, mwenye imani, anaweza kumjua Mungu kuwashinda wao. Nililisema hilo kwa madoido, mkono hewani. Darasa likapiga makofi. Ndiyo, mwanangu, nilisema maneno hayo kwa kinywa hiki, na kile kiti chake kilikuwa wazi mbele yangu, na sikuona kitu. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi ilinichukua miaka kuweza.

Baada ya darasa nikashuka Malvern kuchukua mavazi ya wabatizwa. Papa Kasongo alikuwa ameyafunga kwenye mfuko, ila gauni moja lilibaki ukutani, limetundikwa, limepigwa pasi, na lesi ndogo shingoni aliyoiongeza mwenyewe.

"Fiston," akasema, ndivyo alivyoniita, "mwanangu" kwa Kifaransa, "hii iko ya Mama Nabintu. Hakuya kupima mara ya pili. Eko mugonjwa?"

"Hapana, Papa. Hakupita."

"Hakupita wapi?"

"Kwenye maswali."

Alivua miwani. Akaniambia nimsimulie alichojibu, na nikamsimulia chote, mtu wa serikali pale mpakani, jina kukosekana, kuketi mlangoni. Nilipokuwa nikiyarudia maneno yale kwa kinywa changu nilijikuta nikiharakisha. Papa Kasongo aliondoa mguu juu ya pedali ya cherehani.

"Na weye," akasema, "Mungu ni nani?"

Nikamjibu moja kwa moja, Roho, hana mwanzo wala mwisho.

"Hapana. Ile iko ya karatasi. Niko nauliza weye."

Nilitazama sakafu, vipande vya vitambaa vyeupe vimetapakaa.

"Sasa ulimukasirikia ju ya nini?"

"Sikumkasirikia, Papa."

"Ulikasirika. Mutu hawezi kunyima mama muzima maji ya kichwa bila kasirani. Ule mama eko na kitu, fiston. Kile kitu weye ulikitafuta mu vitabu, hukukipata, na yeye akakuya nacho mu mukoba ya kusukia nywele. Njo maana." Akarudisha miwani machoni. "Kesho njo Matawi. Enda umwite. Padri nitasema naye miye mwenyewe."

Hapo ndipo ningependa kukuambia kwamba nilikimbia mpaka saluni. Ilikuwa mitaa mitatu tu. Lakini sikukimbia. Nilirudi nyumbani na mfuko wa mavazi, nikisema moyoni kwamba mzee yule hajasoma, hajui tofauti ya maarifa na hisia. Jumapili nikamtafuta kwa macho kanisani, hakuwapo, nikajiambia atakuja. Jumatatu na Jumanne nilikuwa kazini Marshalltown, nikitunga maneno ya kumwambia. Nilitaka nimrudishe lakini nibaki Mwalimu. Nilitaka ionekane kama huruma yangu, si kosa langu. Niliyapanga yale maneno mara kumi nyuma ya kitabu cha wageni.

Jumatano nikaomba ruhusa kazini, nikaenda. Saluni ilikuwa wazi, redio inapiga, na binti mmoja wa Burundi aliyekuwa akifanya kazi naye alikuwa anamsuka mteja. Nikamuuliza Mama Nabintu yuko wapi.

"Ameshaenda. Jana alipanda basi. Alibadilisha tiketi, eti hakuna tena kitu ya kungojea."

Nikamuuliza kama ana namba yake. Alinipa, ikawa ni ile ile ya huku niliyokuwa nayo, na ilikuwa imezimwa. Nikageuka kutoka. Yule binti, mikono yake ikiwa bado kwenye nywele za mteja, akaniambia, "Eish, yule mama nimemkosa tayari. Wiki nzima alikuwa ananiuliza kama mtu anaweza kutumia jina ambalo hajapewa. Nikamwambia mimi sijui, amuulize mwalimu wake wa dini."

Hakujua kama ni mimi. Nami sikumwambia.

Nilipita kwa Papa Kasongo. Hakuniuliza kitu. Aliliteremsha gauni, akalikunja, akalifunga kwenye gazeti na kunipa mkononi. Nililipeleka chumbani kwangu, nikaketi kitandani nalo mapajani, saa tisa za mchana, watoto wa mwenye nyumba wanacheza mpira uani. Nikafungua mdomo nisali, kuomba msamaha, na neno likakosekana. Hata lile jibu la karatasi lilikosekana. Nikakaa tu. Na katika kukaa kule nikajua kwamba najulikana. Wivu wangu ulijulikana, na koti lililonizidi mabega, na zile siku tatu nilizotunga maneno, na yule kijana wa ukungu wa ziwa niliyedhani amepotea. Sikusikia sauti. Nililia sana, mwanangu, nisikufiche, mpaka gauni likalowa kwenye lesi.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyefundishwa. Mwalimu wangu alikuwa kwenye basi, anakaribia Zambia, hana jina alilolifuata. Niliwaza kaburi la Lusaka, na yeye amesimama pale akitafuta la kumwambia mumewe. Bado nawaza hilo. Tangu wakati ule, kila anayekwenda Bukavu nampa salamu za kumfikishia Mama Nabintu, namtajia mtaa wake, namtajia kazi yake. Wengine hawakumpata, wengine nadhani hawakumtafuta. Sijui kama alimkuta mama yake angali anamtambua. Sijui kama alibatizwa. Asubuhi ya Pasaka, majina yanapoitwa na kila mmoja anajibu nipo, huwa nangoja mwisho wa orodha kwa muda kidogo, kana kwamba kuna jina moja limesahaulika. Mke wangu ameshanizoea, ananipa kitambaa bila kunitazama.

Basi haya ndiyo niliyotaka kukuambia. Karatasi ile si mbaya, usiitupe. Watu wazuri waliitunga na maneno yake ni ya kweli. Lakini anayeingia na kuketi mbele yako ana ndani yake mahali ambapo wewe hujawahi kufika, na Mungu ameshafika kabla yako. Atakachokuambia kitatoka kwa umbo lake, kwa Kiswahili chake, pengine kwa Kizulu, na hakitafanana na ulichokariri. Sikiliza mpaka mwisho. Usipoelewa, sema hujaelewa, haitakupunguzia kitu. Na ukiona unaanza kumkasirikia mtu ambaye hajakukosea, simama, toka nje kidogo, ujiulize wewe swali la kwanza la karatasi. Lijibu mwenyewe. Mimi kosa langu halikuwa kupenda kusoma, na wale watawa wa kale bado nawapenda, daftari lao ninalo. Kosa langu ni kwamba nililinda mlango wa nyumba ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama nje yake, na yeye aliyekuwa ndani nikamwambia asubiri. Na nilipoonywa, nilichelewa. Ukikosea, kimbia siku hiyo hiyo ukarekebishe, hata kama maneno hujayapanga.

Usiniambie "sharp" bado. Nenda ufungue kabati lile, rafu ya juu, kuna kitu kimefungwa kwenye gazeti. Ndilo hilo. Jumamosi lichukue, ulitundike nyuma ya mlango wa ukumbi, mahali ambapo utaliona wewe tu, na jioni unirudishie. Mungu anayekujua akuongoze, mwanangu. Akupe masikio mapana kuliko niliyokuwa nayo mimi, na kila atakayeketi mbele yako aondoke amesimama wima. Na ikitokea siku moja akaingia mama mzee kutoka Bukavu, ukamuuliza jina, akasema Agnes, usimuulize swali lingine lolote. Nipigie simu, nitakuja.